Penseli ya Baba Mkwe

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na simvumilii mtu anayeniambia kwamba penseli zote ni sawa. Nimechonga penseli nyingi kuliko viazi nilivyomenya. Nazijua zile ambazo risasi yake imeshavunjika ndani kabla hata hujafungua boksi: unachonga, kinadondoka kipande, unachonga tena, kinadondoka kingine, mpaka mtoto anabaki ameshika kijiti cha kuchokolea meno. Nazijua na zile ngumu, zinazoandika kijivu cha mbali, na mtoto akikandamiza kidogo karatasi inachanika. Watoto wengi wanaogombezwa kwa mwandiko mbaya hawana mwandiko mbaya, wana penseli mbaya. Nimelisema hilo kwenye vikao vya shule mpaka wenzangu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Lakini penseli niliyoitafuta kwa moyo wangu wote haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya baba mkwe wangu. Alikuwa na maneno ya kumwambia mkewe, sauti hakuwa nayo tena, na siku zake zilikuwa zinakwisha.

Alikuwa mtu wa sauti. Nyumba yetu iko kilimani huku Tarime, ng'ambo ya bonde kuna kilima kingine, na yeye aliweza kuwaita wachungaji walioko kule bila kuinuka kwenye kigoda. Kwenye kikao cha ukoo walimwachia zamu ya mwisho, kwa sababu akishaongea hakuna aliyependa kumfuata. Tena alikuwa mwandishi. Shule aliishia darasa la nne la zamani, lile lililomtoa mtu akiwa na mwandiko wa kulala upande mmoja, herufi zimeshikana mikono. Enzi ambazo simu hazijafika, akina mama walimletea mayai ili awaandikie wana wao walioko jeshini, na vijana walikuja na soda ili awaandikie wasichana. Wazee wenzake walimtania kwamba nusu ya ndoa za kijiji zilifungwa na mkono wake.

Mama mkwe wangu hakusoma hata darasa moja. Na katika barua zote zilizotoka kwenye mkono ule hakuwahi kupata hata moja, kwa sababu hakuwahi kukaa mbali naye.

Ugonjwa ulianzia kooni. Kwanza alishindwa ugali, kisha akashindwa uji. Walipomrudisha kutoka hospitali ya mbali alikuwa na tundu shingoni la kupumulia na mpira tumboni wa kumpitishia uji, na sauti haikurudi naye. Daktari alimwita mume wangu pembeni, akamwambia tukamtunze nyumbani. Mume wangu alinieleza hayo akiwa anaangalia viatu vyake.

Hapa lazima niseme jinsi tunavyoishi. Kwetu Wakurya, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Sikuwahi kumpa mkono baba mkwe wangu. Sikuwahi kukalia kiti chake wala kuingia chumba anacholala. Chakula niliandaa mezani, nikatoka, ndipo akaingia. Tukikutana njiani nilimpisha, nikaangalia chini, nikasema shikamoo nikiwa nimeshapita hatua mbili. Watu wa mbali wakisikia hivyo wanadhani ni chuki. Si chuki hata kidogo. Nilipojifungua mtoto wa kwanza kwa upasuaji, siku moja niliamka nikakuta jiko la kusimama limejengwa, la matofali, urefu wa kiuno changu, ili nisiiname kwenye mafiga. Hakuniambia kitu, na mimi sikumshukuru kwa mdomo. Kwa miezi mingi nilimpikia uji wake kwanza kabla ya wa mtu mwingine yeyote, na tukawa tumeelewana.

Sasa mtu wa namna hiyo analala chali, hana sauti, anaandika. Nani amsomee mkewe? Mume wangu ni mpishi kwenye kambi moja ya watalii upande wa Robanda, anakuja nyumbani kwa likizo. Watoto wetu walikuwa hawajaanza shule. Majirani wanaojua kusoma wapo, lakini alipotajiwa jirani alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Nilibaki mimi, mtu wa mwisho ambaye angepaswa kujua yaliyo chumbani humo.

Tukatafuta njia yetu. Mlango wa chumba chake una pazia. Mimi nilisimama ukumbini, nje ya pazia, nimegeukia ukuta. Yeye aliandika kwenye daftari, mama akanitolea daftari, nikasoma kwa sauti ili wote wawili wasikie. Aliandika Kiswahili, kwa sababu ndicho alichofundishwa kuandika, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha kanisani tu. Kwa hiyo nilisoma moyoni kwanza, kisha nikageuza kwa Kikurya. Nikimaliza, yeye alijibu kwa kugonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole. Mara moja maana yake ndiyo, umesoma sawa. Mara mbili maana yake sivyo, soma tena. Mara mbili zilikuwa nyingi siku za mwanzo, na zilikuwa na hasira.

Tatizo lilikuwa kalamu. Kalamu ya wino haiandiki mtu akiwa amelala chali, ameinua daftari usoni. Inaandika maneno mawili, wino unarudi nyuma, basi. Alizitikisa, akazitupa, nikawa nazisikia zinagonga ukuta. Nikampelekea penseli za shule. Zilikuwa ngumu, na mkono wake haukuwa na nguvu ya kukandamiza, kwa hiyo maandishi yakatoka hafifu mpaka ikabidi nilisogeze daftari dirishani. Mwandishi wa barua za kijiji kizima alikuwa anaandika "maji" na "nigeuze" na "funga dirisha", halafu anachoka.

Kisha siku moja ilimchukua karibu asubuhi nzima kuandika mistari miwili. Mama alinitolea daftari kwa mikono yote miwili. Nikasoma: "Nina maneno na mama yenu. Ni marefu. Mkono hautoshi."

Mama alikuwa amesimama mbele yangu na taulo. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi niliondoka pale nikiwa na hasira na penseli zote za dunia. Mtu ana maneno marefu, na anazuiwa na kijiti.

Nilianza kutafuta. Duka la kona halikuwa na kitu. Tarime mjini nilizunguka maduka ya vifaa vya shule, nikafungua maboksi mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nimetumwa kukagua. Nilimpigia simu mume wangu, akaleta penseli zinazoachwa kwenye vyumba vya wageni kambini, fupi, za kung'aa, zina maandishi ya dhahabu. Zilikuwa nzuri za kutazama, na ngumu kama msumari. Jumamosi iliyofuata nikaenda Sirari, mpakani na Kenya, ambako bidhaa za pande zote mbili zinakutana.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, Kiswahili chake cha ng'ambo. Niliomba karatasi ya kujaribia. Halafu nikafanya nilichokuwa nimepanga: nikarudisha kichwa nyuma, nikainua karatasi juu ya uso, nikaandika kuelekea darini, taratibu, mkono nimeulegeza kama wa mgonjwa. Nikajaribu ya kwanza, ya pili, ya tano. Wateja walisimama.

"Haki ya Mungu," mwenye duka alisema, "sijawahi ona mtu akinunua penseli hivo. Kwani madam, huko juu unaandikia nani?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Ni ya mgonjwa. Analala chali, na mkono hauna nguvu."

Aliacha kucheka. Alipanda kwenye stuli, akapapasa rafu ya juu kabisa, akashuka na kikopo cha bati chenye vumbi. "Hizi ni za watu wa kuchora," alisema. "Kuna kijana alikuwa anazichukua hapa, akahama. Zimekaa kitambo, hakuna mtu huuliza."

Nilichukua moja, nikainua karatasi. Penseli ile haikukwaruza. Nilikuwa sijakandamiza, nilikuwa nimeigusisha tu, na mstari ukatoka mweusi, mnene, unateleza kama mafuta kwenye kikaango cha moto. Niliandika jina langu lote bila kuinua mkono. Ni aibu kusema, lakini machozi yalinilengalenga mle dukani, kwa ajili ya penseli.

"Lakini nikuambie," mwenye duka aliongeza akiwa anafunga, "hiyo haishikani sana na karatasi. Ukiguza-guza inapakaa. Huyo kijana alikuwa anapulizia spray ya nywele juu ya picha ndio ikae."

Nikacheka. Nilijiona nikipulizia barua ya baba mkwe wangu spray ya nywele.

Nyumbani niliichonga kwa wembe, si kwa kichongeo, ili risasi ibaki ndefu. Ilinukia mti. Nikakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikakizungusha pale vidole vinaposhika ili iwe nene na asilazimike kubana, nikafunga kwa uzi. Niliiweka kwenye sinia pembeni ya bakuli, mama akaingia nalo. Nikasimama mahali pangu, nimegeukia ukuta.

Nilisikia karatasi. Halafu nikasikia sauti ya penseli nzuri, ambayo kwa kweli si sauti, ni kama mtu anapitisha kiganja kwenye shuka. Iliendelea. Haikukatika. Mama alipotoka na daftari, nikauona mwandiko wa kulala upande mmoja, herufi zimeshikana mikono, mwandiko ambao nilikuwa nimeusikia tu kwenye hadithi. Alikuwa ameandika: "Hii ndiyo kalamu. Nani ameleta?"

Mama alijibu kupitia pazia, "Mkamwana wako."

Akagonga mara moja.

Zikafuata siku nane ambazo nazikumbuka kama sikukuu ndani ya msiba. Baba mkwe wangu aliongea. Aliandika juu ya paa la zizi linalovuja, juu ya mbuzi yupi asiuzwe, juu ya mpaka wa shamba kule kwenye mawe makubwa, ulivyopita tangu enzi za baba yake. Aliandika kwamba uji wangu, enzi alipoweza kuunywa, ulikuwa na sukari nyingi. Aliandika utani juu ya mchungaji wa kanisa, na mimi nikaugeuza kwa Kikurya nikiwa nabana kicheko, na mama akacheka kwa sauti mle ndani, na kitanda kikagongwa mara moja, kwa nguvu. Nilirudi kutoka shule mbio ili nikasome. Penseli ikafupika, nikaichonga, ikafupika.

Siku ya tisa nilikuta mama ameketi ukumbini, daftari liko mapajani. "Ameandika tangu ulipoondoka," alisema. "Amemaliza sasa hivi."

Ukurasa ulikuwa umejaa kuanzia juu mpaka chini, hata pembezoni. Nikasimama mahali pangu, nikaanza kusoma moyoni.

Yalikuwa yale maneno marefu. Alianza na siku alipoletwa binti wa fulani, yaani mama, akiwa bibi harusi, akajificha nyuma ya ghala la mtama kwa woga, na yeye akamwona akajifanya hajamwona, akaenda kukaa na wageni ili ampe muda wa kulia. Aliandika juu ya siku aliyompiga mbele ya rika lake, na kwamba tangu siku ile hakuna kikao alichoongea bila kukumbuka uso wake. Aliandika juu ya mtoto wao wa tatu, aliyefariki kabla ya kutambaa. "Ulidhani sikulia. Nililia zizini, ng'ombe wakanizunguka." Halafu akaandika juu ya kitanda. Tangu arudi hospitali, mama alikuwa analala kwenye mkeka chini, ili asiuguse ule mpira. Aliandika: "Natafuta mgongo wako kwa mkono, nagusa ubao. Mimi ni mtu wa kulala na mgongo wako. Hakuna blanketi lililonipasha joto kama wewe." Yalikuwepo na mengine hapo, ya mtu na mkewe. Na mwisho kabisa kulikuwa na aya iliyoanza: "Ukibaki peke yako." Hapo macho yangu yalikuwa yameshaanza kukimbia. Niliipitia aya ile kama mtu anayepita mbele ya mlango uliofunguliwa wa bafu.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Nisieleweke vibaya. Kwa Kiswahili ningeweza kujificha kidogo. Kiswahili ni lugha ya shule na ya serikali, unaweza kusema mambo kwa mbali. Lakini kwa Kikurya mgongo ni mgongo na kitanda ni kitanda, na mimi ni mkamwana, nimesimama hatua tatu kutoka kwa baba mkwe wangu, natakiwa kutamka kwa mdomo wangu jinsi anavyomtamani mama mkwe wangu. Masikio yangu yaliwaka.

Nikasema, "Anasema asante, mama. Anakushukuru kwa kumtunza."

Kisha kitanda kikagongwa mara mbili.

Kikagongwa tena mara mbili. Mama alikuwa ananiangalia. Nilishika ukurasa kana kwamba nautafuta mstari, na kile kifundo kikagonga tena, mara mbili, taratibu safari hii, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuna watu.

"Uji utaungua," nilisema. Nikampa mama daftari, nikaenda jikoni. Hakukuwa na uji motoni.

Nitasema ukweli wangu wote: nilimkasirikia. Nilisimama mbele ya lile jiko alilonijengea nikajiuliza kwa nini aliyatia maneno yale mdomoni mwangu, akijua mimi ni nani. Ilinichukua muda mrefu kujibu swali hilo, na jibu lenyewe ni rahisi. Hakuwa na mdomo mwingine. Nilijiambia kesho nitasoma, nikishajipanga. Nitayachuja, nitayasema kwa namna.

Kesho yake hakushika penseli. Kesho kutwa yake, kabla ya saa nne asubuhi, nikiwa darasani nawaandikisha watoto irabu, mwalimu mwenzangu alikuja akasimama mlangoni, nikajua.

Tulimzika hapo hapo nyumbani, upande wa zizi. Mume wangu alifika kutoka Robanda akiwa bado amevaa suruali ya kazi. Aliniuliza kama baba aliacha maneno, nikamweleza ya mbuzi, ya paa na ya mpaka wa shamba. Kabla jeneza halijafungwa, mama aliitia ile penseli, kipande kilichobaki na mpira wake wa baiskeli, kwenye mfuko wa koti la marehemu, mahali alipozoea kuweka kalamu siku za barua. Daftari hakumwachia mtu. Alilifunga kwenye kitenge akaenda nalo.

Baadaye nilimweleza mume wangu ule ukurasa. Akasema, "Kwani ungefanyaje?" Kisha akasema kwamba hata yeye asingeweza kumsomea mama yake maneno hayo. Alitaka kunifariji, na haikusaidia.

Niliahirisha. Kwanza nikasema msiba umalizike. Halafu mavuno. Halafu mitihani. Sikuwa na ujasiri wa kuliomba daftari, na nilijipa sababu kwamba yeye ndiye aulize. Na kila asubuhi nilimwona. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake jua likitoka, akafungua kitenge, akafungua daftari kwenye ule ukurasa mmoja, aliokuwa ameukunja pembe, na akapitisha vidole juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, kama alivyoniona mimi nikifanya nikiwa nasoma. Aliteremka mpaka chini. Kisha akafunga, akaenda kufagia.

Niliijua penseli ile. Mwenye duka aliniambia. Neno moja lingetosha: mama, usiiguse, inafutika. Lakini nikilisema, angeniuliza kilichoandikwa. Basi nikabeba mkoba wangu, nikamwamkia shikamoo, nikaenda kuwafundisha watoto wa watu kusoma.

Mwaka ukapita, na kidogo zaidi. Jumamosi moja tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, sisi wawili, sinia katikati. Alijifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na kitenge.

"Mwalimu," alisema. Alikuwa hapendi kuniita hivyo isipokuwa kwa jambo zito. "Siku ile ulisoma maneno mawili. Na ukurasa ulikuwa umejaa."

Sikuweza kumwangalia.

"Na yeye aligonga. Nilisikia. Nilijua ni haya imekushika, nikasema nisikulazimishe, utakuja mwenyewe. Sasa naona nazeeka." Akaniwekea daftari mapajani. "Yeye hayupo pale nyuma ya pazia. Soma."

Nikafungua. Kurasa za mbuzi na za paa zilikuwa nzima, maandishi meusi, yameshikana mikono. Ule wenye pembe iliyokunjwa ulikuwa wa kijivu kutoka juu mpaka chini, kijivu laini cha majivu yaliyopanguswa. Hapa na pale lilibaki neno. Ghala. Zizini. Mgongo.

Nikasoma. Niliweka kidole kwenye kijivu kile nikasoma yale niliyoyakumbuka, na kwa Kikurya, bila kuchuja. Nilisema ya ghala, akatikisa kichwa kukubali. Nilisema ya kile kipigo, akaangalia kule zizini. Niliposema kwamba alilia na ng'ombe wakamzunguka, aliweka kiganja mdomoni na kukiacha hapo. Nilisema ya mgongo. Nililisema neno lenyewe, na ubao, na blanketi, na dunia haikupasuka. Mama alikuwa analia na kutabasamu, na nilimwona kwa mara ya kwanza msichana yule wa nyuma ya ghala. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Ningeweza kufanya hivyo siku ile, naye akiwa hai, anasikia.

Nikafika chini. "Anasema," nikamwambia, "ukibaki peke yako."

Nikakwama hapo.

"Endelea," alisema.

Niliangalia ile aya. Mistari minne, labda mitano. Nilijaribu kuikumbuka, niliitafuta kwa kila njia, nikajiona nimesimama ukumbini na masikio yanawaka na macho yanakimbia. Hakuna kitu. Alichomtakia mkewe, au alichomwomba, au alichomwahidi, nilikipita mbio kwa sababu ya haya, na sasa karatasi haikuwa nacho. Nikainua macho nikaviona vidole vyake kwenye ukingo wa sinia, vidole vile vilivyopita hapo kila asubuhi. Ningemwambiaje pamefutika? Angeuliza nani amefuta.

"Basi, mama," nilisema. "Hapo ndipo alipoishia."

Alinitazama, akautazama ukurasa uliojaa kijivu mpaka chini. Kisha akainama, akakunja kidole, akagonga mguu wa kigoda mara mbili.